Waya Nilioufunga kwa Leso

Mjukuu wangu, andika nisemavyo, wala usinipambie. Mimi ni mkali kwa uchafu, na ukali huo ndio ulioniponza.

Nilikuwa nikifagia ofisi moja karibu na stendi ya matatu ya Kawangware 56, na wote humo waliniita Shosho, bibi yao. Kompyuta zake nne ziliunganishwa kwa waya na moja kubwa iliyohifadhi kazi zote. Waya huo ulitapakaa sakafuni. Nikaukunja, nikaukandamiza kwa goti kama mzigo wa kuni, nikaufunga kwa ukanda niliouchana kwenye leso yangu ya kiunoni.

Kesho yake faili zikawa zinafunguka polepole mno. Mkubwa wa ofisi akamgeukia Rosa, mpiga taipu. "Umeharibu nini? Fundi akipata ni wewe, utarudi kwenu."

"Haki mzee, sijagusa kitu!" Rosa akalia.

Mimi nilijua nani aliyegusa. Nikazidi kufagia mahali palipokwisha kung'aa, nikimwomba Mungu fundi apotee njia.

Hakupotea. Aliingia chini ya meza, akacheka. "Nani alifunga hii waya kama kuku ya soko? Imeumia ndani, ndio maana kazi zinapita polepole."

"Si mimi," nikasema, kabla sijaulizwa.

Fundi akatoka ameshika ukanda mwekundu wenye maua meupe. Ofisi nzima ikautazama, kisha ikakitazama kiuno changu, nilipojifunga leso nyekundu yenye maua meupe.

Rosa akajifuta machozi. "Shosho," akasema taratibu, "hebu geuka kidogo tuone upande wa nyuma."