Fundi bomba wa Kibondo anayeuliza maji yanakwenda kwa nani

Ukungu bado umelala bondeni wakati Evaristi Hatungimana anapofunua mfuniko wa chemba ya majitaka. Anapiga magoti, anachungulia, kisha anaingiza ufito mrefu na kuusukuma mpaka maji yaliyokwama yanaanza kukimbia.

“Haya yanatoka wodini, yale pale maabara,” anasema. “Yote yanakutana hapa, halafu yanateremka bwawani.”

Evaristi, mzaliwa wa Kitahana, ni fundi bomba wa hospitali moja iliyo kilimani, nje kidogo ya mji wa Kibondo. Kwa miaka mingi alitakiwa jambo moja tu: mabomba yasizibe. Kilichokuwamo ndani ya maji hakikumhusu.

Kiangazi cha mwaka 2013 alifika mfamasia mpya, Ghati, kutoka Tarime. Siku moja Ghati alimkuta mhudumu akimimina sinkini dawa za maji zilizokwisha muda. Akamzuia, kisha akamwita fundi.

“Kaka Evaristi, sinki hili linaishia wapi?”

“Bwawani.”

“Na bwawa likijaa?”

Evaristi alinyoosha kidole bondeni. Bwawa likijaa, maji hufuata mfereji hadi kwenye bustani za bondeni. Mojawapo ni ya mkewe, Immakulata.

Ghati alimweleza kwamba dawa haipotei kwa kumwagwa. Vijidudu vinavyoionja kidogo kidogo majini huweza kuizoea, na siku mtu akiugua, dawa ileile isimsaidie.

Jioni hiyo Evaristi alimwomba mkewe aache kumwagilia kwa maji ya mfereji. Mchicha ulikuwa umestawi, nyanya zinakaribia kuiva. Kiangazi, bustani hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwanunulia watoto sare za shule.

“Baba Safina, unataka tule nini?” Immakulata aliuliza. “Mbona hatujaumwa?”

“Sijui kama yanadhuru. Na sijui kama hayadhuru.”

Siku kadhaa hawakuzungumza vizuri. “Nilikasirika,” anasema Immakulata, akicheka kidogo. “Nilimwambia, hospitali ichafue maji, halafu mimi ndiye niache kulima?”

Evaristi alilipeleka swali hilo kwa mganga mfawidhi vilevile lilivyo, bila kulipunguza makali. Mganga aliomba kwanza aoneshwe mfereji. Walishuka pamoja hadi bondeni, akawatazama akina mama waliokuwa wakichota maji kwa madebe.

Leo hakuna dawa inayomwagwa sinkini. Mabaki hukusanywa kwenye madumu yenye vifuniko na kupelekwa kuteketezwa, na Ghati huagiza kulingana na idadi ya wagonjwa ili dawa zisiharibikie stoo. Evaristi amechimba bwawa la pili, akalitandikia kokoto na kupanda matete ili kuchuja maji. Hospitali imewachimbia wakulima kisima, upande wa juu wa mfereji. Immakulata, aliyeacha kwa muda, amerudi kulima.

Hata hivyo, Evaristi hatulii. Dawa wanazomeza wagonjwa bado hupita chooni. “Hizo matete yanazipunguza kiasi gani? Hatujapima,” anasema. Ghati ameomba sampuli za maji zipimwe maabara Mwanza, majibu hayajaja.

Mwezi ujao fundi huyo anakwenda Kasulu, ambako kituo kimoja cha afya kinajenga wodi mpya. Anataka kufika kabla mabomba hayajafukiwa.

“Yakishafukiwa, watu wanasahau,” anasema, akirudisha mfuniko mahali pake. “Mimi nataka wanioneshe kwanza, maji yao yanakwenda shambani kwa nani.”