Zamu Sita Alizodaiwa Mama

Walisema sitaweza kushika jembe. Mjomba ndiye aliyeanza, akiwa amekaa kwenye kiti nilichonunua mimi, anakunywa chai ya sukari yangu. "Huyu msomi? Jembe litamchuna ngozi kabla ya saa tatu." Wenzake wakacheka. Watu ambao safari yao ndefu kuliko zote iliishia Kahama mjini walimcheka mtu aliyebeba magunia Dar es Salaam mchana na kusoma jioni kwa miaka tisa, akarudi na diploma ya ugavi bila ukoo kumchangia hata nauli.

Jembe lenyewe lilikuwa la mama. Mama alikuwa na saratani ya titi, na daktari wa Mwanza aliniambia mimi, si yeye, kwamba imeshaingia kwenye mifupa. Mjomba akaamuru asiambiwe. "Ukimwambia, umemuua." Kwa akili za mjomba, mwanamke mwenye kidonda cha kunuka kifuani alipaswa kuendelea kuamini kwamba ana jipu. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, asipate pa kujificha.

Hakukubali. Miezi miwili aliwaambia wageni kwamba ndama alimpiga kichwa kifuani. Halafu akakasirika, akanirushia kikombe, akasema daktari yule ni mtoto na mimi ni tarishi wake. Halafu akageukia ukuta. Wageni walikipenda sana kipindi cha ukuta. Walikuja kulia, wakala wali, wakanong'onezana kama atauona msimu wa pamba. Aliuona, akaupita, na wao wakaendelea kula wali.

Nilidhani mifupa ndiyo inayomgeuza ukutani. Kumbe kila asubuhi wanawake wa kikundi chake walipita na majembe, wakamwita dirishani, "Mwangaluka!", naye badala ya kuitikia salamu alijifunika khanga mpaka kichwani. Kwetu wanawake hulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Walikuwa sita. Msimu ule ugonjwa ulipoanza walimlimia majaruba yote ya mpunga, na zamu zao zilipofika hakuweza kunyanyuka.

"Nitazikwa na jasho la watu," aliniambia siku moja. "Hilo ndilo linaninyima usingizi. Titi nimeshalizoea."

Mvua mpya ziliponyesha nikaona hili ni jambo dogo kwa mtu aliyesomea ugavi. Nilikwenda barabara ya Bulyanhulu, nikaajiri wachimbaji wawili wa dhahabu waliorudi mikono mitupu, nikawapeleka kwa mjane mmoja wa kile kikundi. Saa nne walikuwa wamerudi. Nyuma yao alikuja mjane mwenyewe, mikono kiunoni.

"Msomi, mama yako nilimlimia kwa kibarua?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Basi hata msibani uajiri kibarua, akulilie!"

Mama alicheka kule ndani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mwanza. Nikachukua jembe lake.

Siku ya kwanza viganja vyangu viliota malengelenge. Mjomba na wenzake walisimama ukingoni mwa jaruba, wanaume wazima wasio na kazi, kumtazama mwenye kazi. Siku ya tatu nilikuwa nawatangulia wanawake wenyewe, na ukingoni hapakuwa na mtu.

Jioni mama alinihoji. Nimefika wapi, udongo umelainika, kingo nimezishindilia? Maumivu yalipombana alinishika kifundo cha mkono, akasubiri, kisha akaendelea na swali lake palepale alipoliachia. Alianza kumaliza uji. Wapo waliokuja kumwombea apone kwa sauti za kutikisa bati. Aliwaambia wapunguze kelele, hasikii habari za shamba.

Mjane nilimweka wa mwisho. Mchana wa zamu yake mvua ikatupiga, naye akaniita kutoka chini ya mti, "Baba, inatosha. Kipande hicho tumemsamehe."

Asubuhi ile mama alikuwa ameniagiza nisikubali kusamehewa. Nililima kipande hicho kwenye mvua mpaka mwisho wake.

Wanawake wote sita walinifuata nyumbani, matope mpaka magotini. Mama alikuwa mlangoni kwenye mkeka.

"Dada, hatudaiani," mjane akasema.

"Ukingo wa chini ameushindilia?"

"Vibaya."

"Basi mrudishe!"

"Tumeupokea hivyohivyo."

Miezi yote ile mama hakumruhusu hata mmoja wao amguse wala akione kidonda, deni lake lisije likaongezeka. Sasa akamnyooshea mjane mkono. "Niogesheni," akasema. "Naumwa mno, siwezi peke yangu."

Wakaingia naye ndani, wakafunga mlango. Mjomba akaniuliza wanafanya nini humo. Nikamwambia alete kuni, maji hayajachemka.