Kete Tatu za Bisimwa

Anayeweza kula lazima ale, na penye njia mbili ale ile yenye kete nyingi zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya mchezo wa dama ambayo Cirhuza aliijua kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ambayo watu wa Bukavu waliifuata nusu tu. Kula, walikula. Lakini njia kila mtu alijichagulia. Na aliyesahau kula alipulizwa: mpinzani aliokota kete yake, akaipuliza kama anayetoa vumbi, akaiweka pembeni, mchezo ukaendelea.

Kitabu cha Cirhuza, alichoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, hakikujua habari ya kupuliza. Kilisema aliyekosea arudishe kete, kisha ale anavyopaswa.

Cirhuza alikuwa mpima magunia ya magome ya kwinini. Tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa, karatasi za serikali zilimwandika Cirhuza tu. Mkewe Adolphine aliendelea kumwita Théodore ndani ya nyumba. Cirhuza hakuwa mtu wa kutulia. Hata kwenye dama alicheza amesimama, akihamisha uzito mguu hadi mguu, akiacha ubao wake kwenda kuchungulia wa jirani. Miaka sita alicheza hivyo kila Jumamosi, zaidi na Bisimwa, kaka wa mkewe. Miaka sita alimwona Bisimwa akila njia aliyoipenda, na hakumwambia neno. Alitaka mwenzake arudi Jumamosi ijayo.

Tena alikuwa na sababu ya kumtunza Bisimwa. Cibalonza, binti yake mkubwa, alilala kwa mjomba huyo, mtaani Ibanda, hatua chache kutoka shuleni. Kutoka Bagira, kwa wazazi wake, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Cibalonza alikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Ilibaki miwili apate diploma.

Mwaka 1979 mitaa iliandaa mashindano ya dama. Walipotafuta mwamuzi, watu walisema, "Tuite yule wa kitabu." Fainali ikawakutanisha Bisimwa na Philémon, kinyozi wa Kadutu, na ikachezwa uani kwa Bisimwa mwenyewe, Jumapili baada ya misa. Bisimwa alikuwa amevaa abakosti mpya, koti la heshima lisilo na tai, na ameita wakwe zake kutoka Walungu. Kabla ya kukaa alimvuta Cirhuza kando.

"Beau," alimwambia, kama wanavyoitana mashemeji mjini, "mutoto iko anasoma muzuri hapa kwangu. Anakula, analala. Leo na weye unikumbuke."

"Nitafuata kitabu, beau."

"Kitabu! Ile kitabu ilikuzalia mutoto?" Bisimwa alicheka, akampiga bega.

Cirhuza alisoma kanuni zote kwa sauti. Wakwe walikuwa wanamiminiana kasiksi, pombe ya ndizi, na watu wanagombania viti. "Ndiyo, ndiyo, muwalimu, tumesikia," alisema Philémon, akipanga kete zake, vifuniko vya chupa, mgongo juu. Bisimwa alipanga vifuniko vyake mdomo juu. Hakuna aliyesikia kitu, na Cirhuza aliona hivyo. Alifunga kitabu, akakifungua tena, akakifunga.

Mchezo ulikwenda sawa hadi Bisimwa akapata njia mbili. Kete yake ya kulia ingekula moja na kusimama hatua moja kabla ya kuwa dama, kete kuu. Kete yake ya kushoto ingekula tatu, lakini ingeacha mlango wazi nyuma yake. Bisimwa alikula moja. Wakwe walipiga makofi.

Philémon hakulalamika. Hakuona kosa, na yeye angekula vile vile. Alijikuna kidevu, akaanza kutafuta pa kujificha.

Cirhuza alizunguka meza mara moja. Akaizunguka tena. Alimtazama Cibalonza aliyekuwa anabeba vikombe kwenye sinia, akageuza macho haraka. Philémon alinyoosha mkono kucheza.

"Ngoja," Cirhuza alisema. "Bisimwa, rudisha. Kushoto kuna tatu."

Ua ulilipuka kwa kelele.

"Nani amelalamika?" Bisimwa aliuliza. "Philémon, umelalamika?"

"Mimi? Sijasema kitu miye."

"Umeona! Mwenye mali hajalia, weye unalia!"

"Kanuni nimeisoma mbele yenu wote."

"Papa Cirhuza," alisema Philémon, ambaye alikuwa mtu wa amani, "acha nimupulizie ile ya kushoto, basi. Fuu! Tuendelee."

"Apulize! Apulize!" watu walidakia, wakicheka kwa kuona njia imepatikana. Hata Bisimwa alishusha pumzi. "Haya, apulize. Nakubali. Beau, nimekubali, unasikia?"

Ilikuwa nafasi ya kutosha. Bisimwa angepoteza kete moja, angebaki na ile ya kulia, na heshima yake ingekaa mahali pake mbele ya wakwe. Cirhuza alisimama akitikisa kitabu kama mtu anayejipepea.

"Kupuliza hakumo," alisema. "Rudisha, ule tatu."

Bisimwa alirudisha. Alikula zile tatu, moja baada ya nyingine, akizitupa chini badala ya kuziweka mezani. Philémon aliingia kwa ule mlango wa nyuma, akala nne, akapata dama, na baada ya zamu sita Bisimwa hakuwa na kitu ubaoni. Philémon mwenyewe hakushangilia. Alichukua kofia yake, akaaga wenyeji, akashuka barabarani.

Bisimwa hakugombana. Aliwapa wakwe chakula, akamsindikiza Cirhuza hadi kwenye lango. Krismasi ilipopita, godoro la Cibalonza lilifika Bagira kichwani mwa mpagazi. Adolphine alikwenda kwa kaka yake mara mbili kuomba, na mara mbili alijibiwa kwamba nyumba imejaa.

Watu wengi wamesema Cirhuza alifanya ugumu wa bure. Sisemi hivyo. Mwamuzi anayeona kosa na kunyamaza ni mwizi. Lakini huyu alinyamaza miaka sita, kila Jumamosi, wakati kusema hakukuwa na gharama, akamfundisha shemeji yake kwamba kanuni ile haina maana. Siku ambayo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko zote, ndipo akamdai aiheshimu. Kanuni hailindwi siku moja. Anayeiacha ilale kwa ajili ya ushirika wake mwenyewe hana haki ya kuiamsha juu ya mgongo wa mwingine. Na ikibidi aiamshe, basi alipe yeye.

Hakulipa yeye. Cibalonza alitembea kutoka Bagira kwa majuma saba, akafika darasani amechelewa, akafukuzwa mlangoni mara nyingi kuliko alivyoingia. Kabla ya Pasaka aliacha. Miaka miwili iliyobaki hakuisoma, na diploma hakuipata.