Maktaba Nyuma ya Mahindi

Januari ile Blandina alijiandaa kama mtu anayengoja wageni wa mbali. Likizo ya Krismasi aliimalizia ndani ya maktaba ya shule ya kata, pale Rhotia, akifuta vumbi, akibandika kurasa zilizochomoka, akishusha vitabu vya hadithi kwenye rafu ya chini ili kidato cha kwanza wavifikie wenyewe. Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha Kiswahili. Maktaba aliongezewa tu, kama mtu anavyoachiwa mtoto wa ndugu, na kama ilivyo kwa watoto wa namna hiyo, akaishia kuipenda. Kwao Buger, alipokuwa mdogo, kitabu pekee cha nyumbani kilikuwa cha nyimbo za kanisani, nacho hakikuruhusiwa kushikwa na mikono yenye matope.

Kila mwaka maktaba ilichelewa kupangwa, watoto wakavifikia vitabu mwezi wa sita, hamu ikiwa imeshapoa. Mwaka huu, siku walipokuja kuripoti, aliwaahidi: wiki hii hii kila mmoja ataondoka na hadithi.

Alhamisi akawapanga mstari, akafungua kufuli, akasukuma mlango. Ukagoma nusu. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi na maharage, yale ambayo kila mzazi huleta shule zikifunguliwa kwa ajili ya chakula cha mchana, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Rafu hazikuonekana.

Naeku, binti wa Endulen aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapo Rhotia, akachungulia chini ya mkono wa Blandina.

"Madam, vitabu viko wapi?"

"Nyuma ya mahindi."

"Sasa sisi tutapita wapi?"

Mstari ukacheka. Blandina akawarudisha darasani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Mwalimu Silvanus.

"Stoo inavuja, madam," alisema Silvanus. "Ulitaka niyaweke wapi, sebuleni kwangu?"

"Ungeniambia, mkuu."

"Ningekuambia, ungekataa. Mtoto mwenye njaa atasoma nini?"

"Na walioshiba mwaka jana walisoma nini?"

Silvanus akatabasamu, akamwomba avute subira. Kilichomuuma Blandina ni kwamba mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Alizunguka mwenyewe vijijini kuwabembeleza wazazi, watoto wanaoshuka milimani asubuhi wapate cha kutia tumboni. Heri angebishana na mjinga.

Akatoka, akamfuata Jackson, mpishi wa shule.

"Anza kutoa magunia ya upande wa rafu."

"Ya mlangoni ndiyo ya karibu, madam. Mgongo huu ni wangu."

"Nitabeba na wewe."

"Utachafua gauni, halafu iwe kesi."

Hata hivyo alikubali. Kila asubuhi walihamisha ya mbele ili wachukue la nyuma, Jackson akinung'unika, Blandina akipiga chafya kwa vumbi la pumba. Mwishoni mwa mwezi ukapatikana mwanya wa mtu kupita kiubavu. Akajipenyeza, akanyoosha mkono mpaka bega likauma. Aliifikia rafu ya juu tu. Akatoka na kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu.

Naeku, aliyekuwa akingoja mlangoni, akakipokea, akafunua, akatazama mchoro.

"Huyu mtu anasukuma gari la nani?"

"Hicho si chenu, mwanangu. Hadithi ziko rafu ya chini. Magunia ya hapo yakiisha ndipo tutazifikia."

Naeku akawaza kidogo. "Kumbe ni kula tu."

Mchana huo kidato cha kwanza walirudi kuongezewa makande, wengine mara mbili. Jackson akagonga mwiko kwenye sufuria, akauliza ni nani amewafungulia minyoo. Blandina, akiwa mlangoni pa ofisi ya walimu, alitamani kucheka, cheko lisitoke. Aliyajua yale magunia. Yangefika Pasaka na kuivuka.

Naeku alikuwa na sahani ya pili, shavu limejaa, akitafuna taratibu bila kuinua macho, kama mtu aliyepewa kazi.