Mkasi wa Marcelline

Marcelline, fundi cherehani wa Rosettenville, hukusanya kadi za kale zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara. Leo mumewe, Pitchou, alimletea moja kutoka sokoni: mchezaji wa besiboli, gongo begani. Aliishika kwa ncha za vidole. Pembe zimesimama! Rangi haijapauka! Haina hata mkunjo! Ukingo mmoja tu ulikwenda upande, vile ulivyotoka kiwandani.

“Eish, mama Shekinah, nilitaka kuunyoosha,” alisema Pitchou, “lakini humu ndani kuna mkasi wako wa nguo tu.”

Marcelline alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Kadi ya kale ikipitiwa na mkasi, thamani yake imekufa! Na miaka yote hiyo amemfokea huyu mwanamume: mkasi wa nguo haukati karatasi! Kumbe alikuwa anasikia.