Tambazi ya Borafya

Borafya ni mwashi wa chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe zikibanduka kuta, huitwa yeye. Wapo na wengine, lakini wengi wao siku hizi wanapiga saruji juu ya kuta za zamani, na ukuta unatoa jasho mpaka unamwaga kila kitu chini. Borafya hataki saruji. Anazima chokaa yake mwenyewe, anaiacha shimoni mpaka ilainike kama samli, ndipo anapaka. Akishapaka anangoja. Anarudi kuikandamiza kwa mwiko, anangoja tena. Wenye nyumba wenye haraka humkimbia.

Hufanya kazi miguu mitupu. Anasema akivaa viatu hasikii chini, na juu ya jukwaa mguu ndio unaomwambia ubao upi umeoza.

Hakutoka tumboni kwa mke wangu Maryam. Mama yake alikuwa mdogo wake Maryam, akafariki akimzaa, huko Kidichi. Maryam akamleta kwetu Kiponda ndani ya kanga. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Jina kashapewa na shangazi yake, Bi Mwanakheir. Watu walicheka. Kitoto kinahema kama kifaranga kilichonyeshewa, kinaitwa Borafya. Maryam akasema liacheni, atalifikia.

Akalifikia. Akakua, akaoa, akahamia Jang'ombe na mkewe Shahida. Mwaka jana Maryam akafariki. Aliinuka kwenye mswala, akakaa tena, basi. Tangu hapo Borafya akitoka kazini hupitia kwangu na chakula cha Shahida, tukala sahani moja. Hakunipa maneno mengi. Alikuwa akisukuma nyama upande wangu.

Kisha akawa haji. Nikampigia simu Shahida.

"Kakanyaga msumari, baba. Kule Sokomuhogo, walikuwa wanateremsha boriti za dari. Kasema msumari tu."

Kumbe kauchomoa, kaliziba tundu kwa chokaa, kaendelea na kazi. Chokaa inaunguza kila kitu, akadhani itaunguza na uchafu. Tundu likafunga juu, ndani likabaki wazi. Ukapanda mtoki kwenye kinena. Halafu paja lote likavimba, na homa. Shangazi yake kaja kumchukua, kampeleka Kidichi kumkanda.

Nikaenda Kidichi.

Bi Mwanakheir anakanda watu tangu ujana wake. Wanamjia mpaka kutoka Bumbwini. Nilimkuta mkekani, bakuli la mafuta ya nazi pembeni, mguu wa Borafya mapajani mwake. Shahida alikuwa akimpepea.

"Umefika, shemeji," akasema Bi Mwanakheir. "Usitie uso huo. Tambazi hii. Nshazitoa nyingi."

Tambazi kwetu ni uvimbe wa ndani usio na mdomo, unaotambaa mwilini. Unakandwa, unafukizwa. Haupigwi sindano. Mwenye tambazi akichomwa sindano anakufa. Hilo huku kila mtu analijua. Hata mie nilikuwa nikilijua. Nimewazika waliochomwa.

Nikamtazama Borafya. Anatetemeka, na jua limeshapanda. Mikono baridi, uso unawaka. Anahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia.

"Borafya."

Siku zote nikimwita hujibu naam kabla jina halijesha. Safari hii akanitazama kama mpita njia.

"Mwambie mama alete maji," akasema. "Mama kenda wapi?"

Shahida akageuza uso. Nikamuuliza mumewe kakojoa lini. Akasema tangu jana hajakojoa.

"Nnampeleka spitali," nikasema.

"Wakamchome?" akauliza Bi Mwanakheir.

"Wakamtazame."

"Spitali hawatazami, wanachoma."

"Nnampeleka."

Akajifuta mafuta mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Basi na mie nnakuja. Na sindano haingii."

"Haya," nikasema. Ningesema haya kwa lolote, gari liondoke. Jirani mmoja alikuwa anapeleka viungo Darajani. Tukamlaza Borafya kati ya magunia ya mdalasini, tukateremka nae mjini.

Spitali alitupokea nesi mmoja, Wanu, mtu wa Makunduchi, ukimsikia tu unajua. Akambana Borafya kidole kwa kidude chake, akampima presha, akapima tena. Hakupenda alichokiona. Akamwita dakta. Dakta akalibonyeza paja, akasema neno moja, sepsisi, akatoka mbio kuitayarisha thieta. Wanu ndiye aliyebaki kutueleza.

"Vijidudu vya mguuni vimeingia kwenye damu," akasema. "Mwili unapigana navyo mpaka unajipiga wenyewe. Presha imeanguka. Anataka dawa ya mshipa na maji, sasa hivi. Halafu paja lipasuliwe."

Bi Mwanakheir akavua mtandio wake wa juu, akaufunika mkono wa Borafya, akaweka na mkono wake juu.

"Hii tambazi, mwanangu. Haichomwi."

Na Borafya, aliyekuwa hajui yuko wapi, akafungua macho. "Msinichome," akasema. Wazi kabisa. Neno pekee la akili alilosema siku ile.

Nilidhani nesi atafoka. Hakufoka. Alikuwa ameshika chupa ya maji mkono mmoja.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba."

"Tambazi naijua. Bibi yangu alikuwa mkandaji."

"Basi wajua."

"Najua. Najua na wanaletwa lini. Wakishakandwa, wakishafukizwa, wakishasomewa, wakiwa hawajui tena jina lao. Ndipo tunawachoma. Wengine wanakufa, na sindano ndiyo ya mwisho watu kuiona. Kesi inapewa hiyo sindano."

"Mdomo unao," akasema Bi Mwanakheir. Mkono hakuuondoa.

Nikamuuliza Wanu: "Ukimchoma, atapona?"

"Sijui, baba. Nisipomchoma, najua."

Nikasimama pale. Nilikuwa naogopa sindano ile kuliko alivyoiogopa Bi Mwanakheir. Nikatazama kucha za mwanangu, zimekuwa za buluu. Nikaushika mkono wa shangazi yake nikautoa. Sikuwahi kumshika mkono mwanamke yule tangu tujuane.

"Mchome," nikasema.

"Akifa," akasema Bi Mwanakheir, "usinijie msibani."

Shahida aliketi chini. Wanu akatafuta mshipa, ukamkimbia, akatafuta mwengine. Nikafumba macho. Nilipofumbua, chupa imetundikwa, maji yanateremka, na Borafya bado anahema.

Wakamtundika na dawa. Wakamtia na mpira wa hewa puani. Wakamchukua kumpasua paja. Ulitoka usaha wa bakuli zima, kaniambia dakta mwenyewe. Kisha wakamweka chumba cha wagonjwa mahututi, mashine zinalia, nasi tunamwona mmoja mmoja kwa zamu. Haikuwa kazi ya siku moja. Leo presha juu kidogo, kesho inarudi chini. Dakta akasema wanachoogopa sasa ni figo. Mpira wa mkojo ulikuwa mkavu.

Bi Mwanakheir hakurudi Kidichi. Alikaa kwenye benchi la nje, kanipa mgongo. Shahida akituletea chai anampa yeye kikombe, ananipa na mie, kama abiria wa vyombo viwili tofauti.

Asubuhi moja Wanu akatoka, uso mwengine kabisa.

"Kakojoa," akasema.

"Nani?" akauliza Bi Mwanakheir.

"Mwanao, bi. Mpira umejaa."

"Alhamdulillahi," tukasema, sote watatu kwa pamoja. Watu wa benchi la pili wakatutolea macho. Mzee mmoja akauliza kazaliwa nani. Shahida akashikwa na kicheko, akacheka mpaka akalia. Bi Mwanakheir nae mabega yakaanza kumtikisika. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Tumefikia hapa, shemeji," akasema. "Kushukuria mkojo."

"Tumefikia," nikasema.

Akanisogezea kikombe chake cha chai. Nikanywa.

Akili ya Borafya ilirudi baada ya mwili. Siku alipohamishwa wodi ya kawaida nilikuwa peke yangu nae. Akaniuliza tena mama yuko wapi, kwa nini haji kumtazama. Nikaona hii si homa tena, anataka jibu. Nikamwambia. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ilikuwa ndiyo kwanza. Mie tangu msiba nilikuwa sijalia mbele ya mtu. Siku ile nikalia. Baada ya hapo akataka nimweleze ilikuwaje, swala gani, kanga gani alivaa, na nani waliingia kaburini. Nikamweleza yote. Sikuwa nimeyasema yale kwa mtu yeyote. Nililala vizuri siku ile.

Tulimtoa spitali tukamleta kwangu Kiponda, kwa kuwa nina chumba cha chini, hakuna ngazi. Nilidhani mtu akitoka spitali kapona. Sivyo. Alikuwa hawezi kushika kijiko. Nywele zikamtoka kwa mafungu. Akilala mchana anaamka na jasho, anauliza zile mashine zimezimwa na nani. Maneno yakamkimbia. Siku moja alitaka kuniuliza mwiko wake uko wapi, akaishia kusema, "Kile kijiko cha ukuta." Shahida akacheka, yeye akakasirika, akaitupa bilauri.

Nikaenda kumuuliza Wanu. Akasema ndivyo ilivyo, ugonjwa huu ukiondoka unaacha nyumba imevurugika, itapangwa kidogo kidogo, msimkimbize. Nikamwambia Borafya hivyo hivyo.

"Ukuta mbichi," akasema.

"Ndiyo. Ngoja."

Akangoja. Hilo analijua kuliko sisi. Kwanza alikaa kitandani bila kuegemezwa. Kisha akafika mlangoni. Kisha barazani, akisalimiana na wapita njia, kila mmoja anamwambia kakonda, na yeye anawajibu wao wamenenepa. Bi Mwanakheir alikuja kutoka Kidichi na supu ya kuku wa kienyeji, na bakuli lake la mafuta.

"Shangazi, usinikande," akasema Borafya.

"Nnakukanda mguu huu mzima, umelegea. Ule wenye kidonda siugusi mpaka yule msichana wa Kimakunduchi aseme."

"Ana jina."

"Wanu. Nnalijua. Mkali kama pilipili. Kaniuliza kama nnaosha mikono."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwonyesha."

Wanu aliposema haya, Bi Mwanakheir akaukanda na ule mwengine. Mguu ulikuwa umekakamaa gotini. Mkono wa shangazi yake ukaukunjua. Wanu alikuja mwenyewe kutazama, akauliza anafanyaje pale nyuma ya goti. Bi Mwanakheir akamfundisha, kwa kujivuna kidogo.

Sasa Borafya anapaka ukuta wa uani kwangu, kujizoesha. Kipande kama sinia kwa siku, anakaa, anapumua. Mkono unamtetemeka bado. Mstari ukienda upande anaubandua anaanza upya. Anavaa mabuti, Shahida kamwapisha. Anatembea nayo kama bata. Wiki ijayo anarudi Sokomuhogo, kuta za chini kwanza, jukwaani bado.

Juzi tulikuwa uani, Bi Mwanakheir akaingia na mwanamke mmoja wa Kidichi, Rukaiya, kamshika kiuno. Titi moja limevimba, ananyonyesha. Anatetemeka ndani ya kanga mbili.

"Kanijia nimkande," akasema Bi Mwanakheir. "Nikamgusa kipaji cha uso. Mie mwenye homa ya kutetemeka simkandi tena. Nikamwambia twende spitali, hataki. Anasema tambazi."

"Haichomwi, bi," akasema Rukaiya kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe ulitwambia."

"Nilisema. Sasa nasema jengine."

Borafya akaweka mwiko chini. Akapandisha suruali mpaka pajani, akamwonyesha kovu, refu, linang'aa.

"Hii nayo ilikuwa tambazi," akasema.

"Ukachomwa?"

"Nikachomwa kila mahali penye mshipa."

"Na hukufa?"

"Muulize baba."

Nikamwambia hakufa. Kisha nikatoka njiani kutafuta gari.