Kiti cha Fundi Mezani

Meza ile fundi seremala aliiranda mwenyewe mwaka aliooa. Nyumbani kwake hakuna aliyegusa chakula kabla yeye hajaigonga kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, kama alivyogonga mbao karakanani kusikiliza kama zimeoza ndani.

Kisha akapasuliwa koo. Tangu hapo hakumeza tena. Chakula chake kikawa maziwa mazito ya hospitali, yakimiminwa kwenye mpira ulioingia tumboni. Hakulalamika. Ila vitunguu vikianza tu kukaangwa, alijiondokea kwenda karakanani, akaranda hata mbao zilizokwisha kulainika, ili asisikie sahani. Mkewe, kwa huruma, akahamishia milo jikoni. Wakawa wanakula wima, wakinong'ona kama wezi, na meza ikashika vumbi. Fundi aliliona vumbi lile. Lilimuuma kuliko kidonda.

Siku wakwe wa binti yao walipoalikwa chakula cha mchana, mkewe alimfuata karakanani.

"Baba watoto, tutawaambia umekwisha kula."

"Nimekula lini?"

"Basi tuseme umeitwa kazini. Wakiuona mpira watapata la kutusema."

"Mama watoto, daktari alinikata koo. Ubaba hakuugusa."

Alisema hivyo, lakini akarudi kuranda. Aliogopa harufu, akaogopa macho ya watu, na zaidi aliogopa kutokwa na machozi mbele ya wakwe.

Hata hivyo alivaa shati lake jeupe, akaketi kwenye kiti chake, akaweka chupa ya maziwa mbele yake, mpira ukionekana wazi. Wageni wakanawa mikono. Mate yalimjaa; akayafuta kwa leso bila haraka. Akagonga meza. Mlio ukatoka mzima.

"Karibuni mle. Changu mimi kinapitia mlango wa uani."

Mama mkwe wa binti, mwanamke asiyeishiwa maneno, aliitazama chupa. "Na chumvi, mkwe mwenzangu, tukutilie wapi?"

"Itie kwenye maneno yako. Leo yamepooza."

Vicheko vikapasuka. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, akavuta kiti akaketi.

Harufu ya vitunguu haikuacha kumtesa maisha yake yote. Lakini hakuikimbia tena, na katika nyumba ile hakuna kijiko kilichoinuliwa kabla yeye hajagonga.